Kusoma mashairi ya mapenzi ya Waarabu wa kale na Kiarabu chako ni kile cha madrasa tu

Wacha nianze na aibu yangu ndio ujue unaongea na nani. Kuna msichana wa South C nilikuwa namtaka sana, nikajiambia mashairi ya Kiswahili kila mtu anatuma, mimi nitakuja na Kiarabu. Nikatoa beti moja kwa intaneti, nikaona hapo katikati neno dam'an, nikasema hii si ni damu bana, nani hajui damu, nikamtafsiria vizuri kabisa kwamba usiku ukifika mimi namwaga damu kwa ajili yake. Yeye Kiarabu alikuwa amekisoma kikamwingia. Akanijibu: hayo ni machozi, si damu, lakini kama kweli unatoka damu nenda hospitali. Mambo yakaishia hapo.

Dam ni damu, dam' na herufi ya ain mwishoni ni machozi. Herufi moja tu na umekuwa mgonjwa.

Lakini kosa lile ndilo lilinifunza njia, kwa sababu nikiangalia vizuri ile beti, neno nililokosea lilikuwa moja, mengine karibu yote nilikuwa nayajua tangu utoto bila kujua nayajua. Na hii ndio siri ya hii kazi yote. Watu wanakwambia ukitaka kusoma ghazali za Waarabu, yaani hayo mashairi yao ya mapenzi, lazima ukae na sarufi miaka kumi, na sikatai sarufi iko na kazi yake, lakini sisi tunaoongea Kiswahili tunaingia kwa hio nyumba kupitia mlango wa jikoni. Kama unaweza kusoma herufi zenye irabu, hata kwa kudonoa donoa kama mtoto wa juzuu amma, wewe umeiva.

Sasa, uanze na nani. Usianze na Imru' al-Qays. Najua kila kitabu kinaanza na yeye, yule mwana wa mfalme wa karne ya 6, kabla Uislamu, anayewasimamisha wenzake wawili jangwani walilie mabaki ya kambi ya mpenzi. Qifa nabki, simameni tulie. Ni kitu kikubwa, lakini mstari wa kwanza tu tayari una majina ya mahali matatu na ile "simameni" yenyewe ni ya watu wawili tu, umbo ambalo sisi hatuna. Utachoka kabla hujafika kwa mapenzi. Mrudie baadaye.

Anza na Abu Firas al-Hamdani. Alizaliwa 932, akauawa 968, kwa hivyo hakufika hata miaka arobaini. Alikuwa mtoto wa ukoo mkubwa, binamu ya Sayf al-Dawla aliyetawala Halab kule Syria, na alikuwa mpiganaji kweli, si mshairi wa kukaa kwa makochi. Warumi wa Konstantinopoli wakamkamata vitani wakamfunga miaka kadhaa, na mashairi ya kifungoni ndio yaliyompa jina. Shairi lake ambalo linakufaa linaanza Araka 'asiyya d-dam'i, na sababu ya kukuchagulia hili ni mbili, moja Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, aliliimba kwa hivyo utalipata kwa sikio, mbili ni vina vyake, ambavyo nitakuonyesha saa hii.

Kwanza sikiliza. Usisome. Weka earphone kwa gari kutoka Eastleigh mpaka mjini, na vile jamu ya pale Pangani ilivyo utasikiliza mara tatu. Usitafute maana, sikiliza tu ule mwisho wa kila mstari unavyorudi. Bashshar ibn Burd, mshairi wa Basra aliyezaliwa kipofu, alikuwa na beti ya kusema sikio lake limempenda mtu mtaani, na sikio hupenda kabla ya jicho wakati mwingine. Alikuwa anajitetea, watu wanamuuliza kipofu anapendaje mtu hajamwona. Na hapo kwa Kiarabu utasikia kabisa anasema 'ashiqa, na qabla, na ba'd, yaani ashiki, kabla, baadhi. Umeona sasa ninachosema.

Alafu tafuta maandishi yenye irabu zote. Hii ni muhimu kuliko vile unafikiri, bila irabu hata msomaji mzuri anayumba. Maduka ya vitabu karibu na Msikiti wa Jamia unaweza kuuliza diwani ya Abu Firas, yaani mkusanyo wa mashairi yake, tena ulize hivohivo, diwani, neno ni lilelile letu. Ukikosa toa kwa simu upige fotokopi kubwa, herufi zikiwa ndogo kwa skrini utapoteza nukta na nukta ndio kila kitu.

Kuna jambo moja la jina hapa. Kwetu ubeti ni mishororo minne hivi. Kwao bayt ni mstari mmoja tu mrefu uliokatwa katikati, nusu kulia nusu kushoto, kama ukwapi na utao wetu. Bayt maana yake nyumba, na ile nusu moja wanaiita misra', ambayo ni ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Kwa hivyo ukisikia shairi la beti hamsini usiogope, ni mistari hamsini. Na kina ni kimoja kutoka juu mpaka chini, hakibadiliki, ila mstari wa kwanza ndio una kina kwenye nusu zote mbili, kama mtu anayepiga hodi mara mbili.

Sasa chukua kalamu. Usisome kutoka mwanzo, shuka na ile safu ya mwisho, ya vina tu. Beti tano za kwanza za Abu Firas zinaishia hivi: sabru na amru (hio ni ile ya kwanza yenye vina viwili), sirru, kibru, fikru, qatru. Soma tena polepole kwa sauti. Subira. Amri. Siri. Kiburi. Fikira. Yaani mfungwa wa miaka elfu moja iliyopita anafunga mistari yake na maneno ambayo mama yako alikugombeza nayo jana! Sita na unajua tano. Ile ya sita, qatru, ni mvua, nitairudia.

Ukishapata vina hivyo tano umeshajua shairi linahusu nini hata kabla ya kufungua kamusi: mtu mwenye subira, mapenzi yanayotaka kuamrisha, siri, kiburi kinavunjika, mawazo. Ndivyo lilivyo.

Sasa panda juu uingie ndani. Beti ya kwanza: araka 'asiyya d-dam'i shimatuka s-sabru, ama lil-hawa nahyun 'alayka wa la amru. 'Asiyy ni mwasi, mwenye kuasi, yaani "nakuona machozi yako ni maasi, yamekataa kutoka, tabia yako ni subira, kwani mapenzi hayana katazo wala amri juu yako?" Neno hawa hapa ni mapenzi, yale ya kumpeleka mtu puta, si hewa ya kupumua, ingawa kwa Kiarabu yanaandikwa karibu sawa, hewa ina hamza mwishoni. Ya pili anajibu: la hasha, mimi nina shauku (mushtaq) na moto uko ndani, lakini mtu kama mimi siri yake haitangazwi. Hio yudha'u, kutangazwa, ndio mzizi huohuo wanaotumia leo kwa redio. Mtu kama mimi siri yake haiendi redioni, ukipenda.

Ya tatu ndio ile iliyoniua mimi na msichana wa South C, na ndio nzuri kushinda zote kwa hivyo tukae hapa kidogo. Idha l-laylu adwani basattu yada l-hawa, wa adhlaltu dam'an min khala'iqihi l-kibru. Layl ni usiku, unajua kutoka Lailatul Qadr. Basattu ni nilitandaza, ndugu yake busati, lile la kutandika chini. Adhlaltu ni nilidhalilisha, iko wazi. Dam'an tumeshazika, ni machozi. Khala'iq hapa kuwa mwangalifu, ukikimbia utasema halaiki, watu wengi, kama watoto wa halaiki siku ya sherehe uwanjani, na kweli neno hilo lina maana hio pia, lakini hapa ni hulka, tabia za kuzaliwa nazo. Alafu kibru. Kwa hivyo: usiku ukinilemea hutandaza mkono wa mapenzi, na huyadhalilisha machozi ambayo hulka yake ni kiburi.

Ona vile amefanya. Mchana yeye ni kamanda, machozi yake ni ya kiburi kama yeye mwenyewe, hayatoki mbele za watu. Usiku pekee yake ndio anayalazimisha. Kiburi si cha mtu, ni cha machozi! Mimi nilisoma hio beti pengine mara ishirini kabla nione hio, na niliiona nikiwa nasafisha vyombo.

Hapa ndio nikwambie kuhusu mizizi, kwa sababu ukishaelewa hii hutahitaji mimi tena. Kiarabu kinajenga maneno kwa herufi tatu hivi, na sisi tulichukua watoto wa familia moja bila kujua ni ndugu. Huba, mahaba, mahabuba, muhibu na habibi wote ni wa mama mmoja. Ashiki na maashuki mama mmoja, yule anayependa na yule anayependwa. Kwa hivyo ukikutana na neno geni, toa mapambo yote, hio al ya mbele, hio mim, vile viambishi vya nyuma, ubaki na mifupa mitatu, alafu jiulize kuna neno la Kiswahili lina mifupa hii? Mara nyingi liko. Kamusi kubwa za Kiarabu pia zimepangwa hivo kwa mizizi, si kwa herufi ya kwanza ya neno, ndio maana watu wengi wananunua kamusi alafu wanaitumia kuzuia mlango.

Sasa mizani. Sisi tunahesabu silabi, nane nane, tumemaliza. Wao wanahesabu fupi na ndefu. Inasimuliwa kwamba al-Khalil ibn Ahmad, mtu wa Basra wa karne ya 8 aliyepanga bahari za mashairi, yaani aina za mizani, kumi na tano hivi, na mwingine baadaye akaongeza ya kumi na sita, alipata wazo akipita sokoni akasikia nyundo za wafua shaba. Kama ni kweli ama ni stori sijali, mimi naiamini kila nikipita Kamukunji kwa wale jua kali wa masanduku na sufuria, kwa sababu kweli kuna nyundo nzito na nyepesi na ukisimama dakika mbili unaanza kusikia mpangilio.

Fanya hivi: silabi fupi gonga meza na kidole, silabi ndefu gonga na kiganja. Ndefu ni ile ya kuvutwa ama iliyofungwa na konsonanti. A-raa-ka, kidole kiganja kidole. 'A-siy-yad-dam, kidole kiganja kiganja kiganja. 'I-shii-ma, kidole kiganja kidole. Tu-kas-sab-ru, kidole na viganja vitatu. Hio ni nusu mstari, silabi 14, na nusu ya pili 14 tena. Hii bahari inaitwa tawil, ndefu, na ndio waliyoipenda kushinda zote, hata Imru' al-Qays na ile simameni yake ni hii. Nilikuwa naigonga nyuma ya kiti kwa matatu ya Juja Road mpaka mama aliyekaa mbele akageuka akaniuliza, kijana kwani uko na shida gani. Nikamwambia pole mama, ni mashairi. Akasonya.

Ukishaweza shairi moja hivi, jua kwamba kuna watu ambao watakuja tena na tena kwa kila ghazali, na ukiwajua mapema hutachanganyikiwa. Kuna 'adhil, yule wa kukulaumu, rafiki anayekwambia kila siku achana naye huyo. Kuna raqib, anayewachunga msikutane, fikiria soja wa geti ambaye amelipwa na baba ya msichana. Kuna washi, mchongezi, anapeleka maneno huku na kule, na huyu kwa ploti za Nairobi hatujawahi kumkosa. Alafu kuna tayf, mzuka wa mpenzi unaokuja ndotoni usiku, huyo hana madhara. Ukitaka kuwaelewa kwa undani tafuta Ibn Hazm wa Kordoba kule Uhispania, 994 mpaka 1064, mwanachuoni mkali wa sheria kabisa, lakini ujanani aliandika kitabu cha mapenzi chenye milango 30, Tawq al-Hamama, mkufu wa njiwa, na kuna mlango wa mlaumu, mlango wa mchungaji, mlango wa mchongezi, mlango wa kuficha siri. Kimefika kwetu kwa nakala moja tu ya mkono iliyoko Leiden, Uholanzi. Moja tu. Ingeungua hio tungekuwa hatuna kitu.

Baada ya Abu Firas mimi ningekupeleka kwa Majnun, yule wa Layla. Mistari miwili mifupi: napita kwenye nyumba, nyumba za Layla, nabusu ukuta huu na ukuta ule, na si mapenzi ya nyumba yaliyonishika moyo, ila mapenzi ya aliyekaa kwenye hizo nyumba. Nyumba hapo ni diyar, wingi wa dar, ile ya Dar es Salaam, na aliyekaa ni sakana, ambayo imetupa maskani. Hata wanavyuoni wa zamani wa Kiarabu wenyewe walibishana kama huyu Majnun aliishi kweli ama watu walikuwa wanamtupia kila shairi lisilo na mwenyewe, kwa hivyo ukiona mtu anakupa tarehe yake ya kuzaliwa kwa uhakika, cheka tu.

Antara usimwache. Mama yake Zabiba alikuwa mtumwa Mhabeshi, yeye mweusi kati ya Waarabu wa Abs, anampenda binamu yake Abla. Anamwambia nilikukumbuka mikuki ikinywa kutoka kwangu na panga zikidondoka damu yangu, nikatamani kuzibusu zile panga kwa sababu zilimeta kama meno yako ukitabasamu. Hapa min dami ni damu kweli, si machozi, niamini, nishaumwa na hio. Na neno la mwisho la beti, mutabassim, ni tabasamu letu lenyewe. Mtu katikati ya vita, anakatwa, anakumbuka mtu akicheka. Mwambie jamaa yako yeyote anayesema mashairi ya mapenzi ni ya watu laini asome hio.

Wanawake pia waliandika na hawakuandika kwa aibu. Wallada binti al-Mustakfi wa Kordoba, binti wa khalifa, inasimuliwa alitarizi beti zake kwenye vazi lake, upande mmoja anasema wallahi mimi nafaa kwa ukubwa na natembea mwendo wangu kwa maringo, upande wa pili anasema busu lake anampa anayelitamani. Yaani leso yenye jina! Karne ya 11, Andalusi (Uhispania ya Waislamu), mtu anavaa jina la leso, na sisi tunafikiri tumeanza hio mchezo Mombasa. Mshairi Ibn Zaydun alimpenda wakaachana na akamwandikia shairi refu la kutengana ambalo wengi wanaliona ndio kilele cha Andalusi yote, mimi bado naona mwanamke alimshinda kwa mistari miwili.

Umar ibn Abi Rabi'a wa Makka ukimpata msome haraka haraka, ni mtamu, ni wa mjini, anachokoza wanawake waliokuja hija, lakini ukisoma ishirini umesoma zote. Na ukifika kwa Ibn al-Farid wa Kairo, 1181 mpaka 1235, maneno ni yaleyale, mahaba, ashiki, usiku, divai, lakini mpenzi ni Mola, kwa hivyo angalia jina la mshairi kabla hujamtumia mtu.

Mwisho jaribu kulileta nyumbani. Tafsiri ya neno kwa neno ni ya daftari, lakini utajua umeelewa siku ukilifinyanga kwa mizani yetu. Hii ni yangu ya beti mbili za kwanza za Abu Firas, si nzuri, imenichukua wiki mbili:

Machozi hayakutoki, subira ndiyo tabia,
Mapenzi hayakushiki, kukukanya na kwambia?
Ninayo kweli ashiki, na moto umeingia,
Ila kwangu haivuki, siri watu kusikia.

Hio "ashiki" nimeivuta na kamba kwa sababu ya kina cha kati, na mstari wa mwisho unachechemea. Lakini ilipokuwa inanikatalia ndio niliona vile Abu Firas amesema yote hayo kwa mistari miwili na bado kina kiko shwari. Ukiandika yako msomee mtu mzima anayejua taarab, shangazi ama mama mkubwa, usimsomee kijana mwenzako, atakwambia kali sana bro na hajasikia kitu.

Na ile qatru nilisema nitairudia. Beti ya tano anamwambia mpenzi anayemtia moyo kwamba watakutana, ilhali mauti iko kabla ya hapo: nikifa na kiu, basi mvua isinyeshe tena. Nilikuwa naisoma kwa sauti hapa kwenye ngazi, ilikuwa siku ya nne maji hayajatoka kwa mfereji, jirani yangu wa chini amekaa na mitungi yake akauliza huyo anasema nini. Nikamtafsiria. Akafikiria kidogo akasema, sasa huyo mchoyo ndio ananifanya nichote maji mpaka barabarani.